Magadi ya Jahazi na Magadi ya Maharage

Katika toleo lililopita safu hii ilijibu swali la kijana mmoja aliyetaka kujua jinsi majahazi ya zamani yalivyotunzwa, nami katika kumjibu nikaandika sentensi hii: "Jahazi lilipopwelewa, mabaharia walilitia magadi, wakatua tanga na kulianika mchangani, fundi akabadilisha mataruma mawili, kisha wote wakakaa kungoja demani." Niliiona sentensi nyepesi. Tangu siku hiyo barua na ujumbe wa simu havijakatika, na karibu kila msomaji amechomoa humo neno lake moja akaniuliza lina maana gani. Kosa ni langu. Mtu anayeandika akiwa Mbeya, zaidi ya kilomita 800 za barabara kutoka baharini na mita 1,700 hivi juu ya usawa wake, hana haki ya kumwaga maneno ya pwani mfululizo kisha akajiendea zake. Leo nalipa deni hilo, na majina ya walioandika nimeyaacha, nikabakiza mahali wanapotoka.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa Tukuyu, napika na kuuza chakula karibu na stendi. Umeandika kwamba mabaharia walilitia jahazi magadi. Magadi ninayoyajua mimi ni yale ninayotia kwenye maharage na makande ili yaive upesi. Binti yangu anasema huenda waliliosha nayo, maana jahazi ni chombo na vyombo huoshwa. Tulicheka sana, lakini jibu hatukulipata.

JIBU: Marahaba, mama. Binti yako amekosa jibu lakini hakukosa akili, kwa kuwa "vyombo vimetiwa magadi" ni sentensi ambayo baharia na mpishi wanaweza kuisema kwa maneno yale yale, kila mmoja akaona picha yake.

Magadi ya baharia ni nguzo za mti zinazoegemezwa ubavuni mwa chombo, huku na huku, ili kisilale upande kinapopwelewa, yaani maji yanapopwa yakakiacha nchi kavu. Nguzo moja ni gadi, nyingi ni magadi, na kitendo chenyewe huitwa kugadimu. Sababu yake iko chini ya chombo. Jahazi halina kitako bapa kama sufuria. Lina mkuku, yaani mti mrefu unaopita katikati ya chini kutoka mbele hadi nyuma, na mbavu zake hupanda zikijipinda kutoka hapo. Likiwa majini, maji yenyewe hulishika pande zote. Maji yakitoka, hubaki limesimama juu ya mti mmoja mwembamba, na lisipopewa kitu cha kuegemea hulala ubavu, uzito wote ukaelemea mbao za upande mmoja mpaka zikaachana.

Hapa kwetu ni vigumu kuliona jambo hilo kwa sababu hatuna bahari inayokwenda na kurudi. Pwani maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, tofauti ya maji makuu na maji madogo kule Zanzibar hufikia mita 4 hivi. Fundi huitumia nafasi hiyo. Huleta chombo ufukweni maji yakiwa yamejaa, hukigadimu, na maji yakipwa hupata saa chache za kufanya kazi ambayo haiwezekani majini: kukwangua uchafu ulioganda chini, kukalafati, maana yake kushindilia pamba yenye mafuta katika nyufa baina ya mbao, na kupaka deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa unaozuia maji na wadudu watoboao mbao. Maji yakirudi kabla hajamaliza, atangoja zamu nyingine.

Niliwahi kusimama kando ya mashua iliyogadimiwa ufukweni Bagamoyo. Nguzo zenyewe zilikuwa miti ya kawaida isiyorandwa, magome yakiwa bado yameshika sehemu sehemu, na kila moja ilikuwa na kibao kidogo chini ya mguu wake ili isizame mchangani. Fundi alizunguka akizigonga moja moja kwa nyundo ya mti huku ameinamisha kichwa kusikiliza. Gadi lililobeba uzito lilitoa mlio mkavu, mfupi. Alipofika kwenye moja lililolia kwa mvumo, hakusema neno. Alipiga magoti, akafukua mchanga kwa mkono, akaongeza kibao cha pili, akagonga tena mpaka akaridhika.

Sasa magadi yako, mama. Hayo ni chumvichumvi ya udongoni na ya ziwani, kwenye maji ya magadi, na hayana ukoo wowote na nguzo za jahazi. Ni maneno mawili yaliyokutana njiani yakiwa yamevaa nguo za rangi moja. Ukitaka kuyatenganisha, jaribu kuhesabu. Fundi anaweza kukuomba gadi moja. Wewe huwezi kwenda dukani ukaomba gadi moja la maharage, kwa sababu magadi ya jikoni hayana umoja, kama vile maji na mafuta yasivyokuwa nao. Zaidi ya hayo, yupo gadi wa tatu, aliyetoka katika Kiingereza, ambaye ni mlinzi au yule mtumishi anayesimamia usalama wa treni. Huyo hutambulika kwa upatanisho wake: magadi hawa wamefika, lakini magadi haya yamefika. Sarufi tuliyoichukia shuleni huwa na manufaa yake.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mstaafu wa reli, nakaa Makambako. Nilifanya kazi ya kutunza njia kwa miaka mingi na mataruma nimeyabeba, nimeyabadilisha, nimeyahesabu. Sijawahi kuona taruma ndani ya jahazi. Je, mabaharia walilichukua neno letu?

JIBU: Mzee mwenzangu, mambo yalikwenda kinyume chake: ninyi ndio mliolichukua lao, na mkalitumia vizuri kiasi kwamba leo Watanzania wengi hawajui kama liliwahi kulowa maji ya chumvi.

Taruma la chombo ni kipande cha mti kinachokaza mbavu za chombo kwa ndani. Mbao za ubavuni peke yake ni ngozi tu. Mawimbi yakizisukuma kutoka nje zinaingia ndani, na shehena ikizisukuma kutoka ndani zinatoka nje. Mataruma ndiyo yanayozikataza kufanya yote mawili. Ukisimama ndani ya jahazi tupu ukatazama chini, utayaona yamepangana kutoka mbele kwenda nyuma, moja baada ya jingine, kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Nadhani sihitaji kukueleza wewe picha hiyo inafanana na nini.

Hata hivyo mfanano wa kuonekana usingetosha. Neno halikuhama kwa sababu ya sura peke yake, lilihama pamoja na kazi yake. Taruma la reli nalo huzuia vitu viwili visisogeleane wala kuachana: katika TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, hizo ni reli mbili ambazo lazima zibaki na nafasi ya milimita 1,067 kati yake, jua likiwaka na mvua ikinyesha, kwa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na juu yake ipite treni nzito ya mizigo. Likishafanya hivyo, hugawa uzito huo juu ya kokoto, kama vile taruma la jahazi linavyogawa msukumo wa wimbi kwa mbao nyingi badala ya kuuacha upasue moja.

Tazama pia jinsi neno lilivyodumu huku kitu chenyewe kikibadilika. Taruma la baharini ni mti. Reli nyingi kongwe za Afrika Mashariki zililazwa juu ya mataruma ya chuma. Njia ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970 na kufika mwisho wake 1975, ililazwa juu ya mataruma ya zege, na reli mpya ya kisasa inayojengwa nchini nayo inatumia zege. Mti, chuma, zege. Hakuna aliyeona haja ya kutafuta jina jingine. Mimi hupita mara kwa mara pale Iyunga njia inapokatiza, na nikiona mafundi wamelegeza vishikizo ili watoe taruma lililopasuka na kuingiza jipya kwa ubavuni bila kuing'oa reli, huwa nakumbuka kwamba fundi wa jahazi naye hubadilisha taruma moja kwa wakati, akiyaacha mengine yashike. Angetoa yote kwa pamoja, asingekuwa na jahazi la kutengeneza.

SWALI: Mimi ni dereva, natokea Uyole. Baada ya kusoma habari ya magadi nimejiuliza: neno "maegesho" linaloandikwa kwenye vibao vya mjini linahusiana na kuegemea?

JIBU: Linahusiana moja kwa moja. Shina ni lile lile lililozaa egama, egemea na egesha. Chombo kilichopwelewa kikalala upande husemwa kimeegama. Nguzo inayokizuia ni mwega, neno ambalo baadhi ya watu hulitumia pia kwa nguzo ya nyumba iliyoinama. Na nahodha anayekileta chombo taratibu ubavuni mwa gati au mwa chombo kingine mpaka kikatulia, huyo anakiegesha. Magari yalipokuja, kazi ya kuyaleta pembeni na kuyatuliza ilikuwa imeshapata jina. Nitaongeza neno moja kwa madereva wa Uyole: kuegesha maana yake ni kukileta chombo ubavuni, si kukiacha katikati ya barabara kuu taa zikiwaka wakati unanunua viazi.

SWALI: Mwalimu, naandika kutoka Mafinga. Sisi tukimaliza msiba husema "tumeanua tanga". Wewe umesema mabaharia walitua tanga wakalianika. Ni tanga moja? Na je, kutangatanga nako kumetoka humo?

JIBU: Swali hili ni zuri kuliko mengine yote niliyopata mwezi huu, na jibu lake linaanzia kwenye kitenzi kabla ya kufika kwenye jina.

Tanga la chombo ni kile kitambaa kipana kinachokamata upepo. Zamani mitepe, vile vyombo vilivyoshonwa kwa kamba bila msumari, vilitumia matanga ya mkeka uliosukwa. Baadaye pamba nzito ikashika nafasi, na leo utaona ngalawa zenye viraka vya magunia ya plastiki. Kitu kipana kama hicho kikilowa hakiwezi kukunjwa hivi hivi, kitaoza. Ndiyo maana mabaharia wangu walikitandaza juani.

Kilichoanikwa huanuliwa. Kiswahili kina desturi ya kugeuza kitendo kwa kukibadilisha mwisho: anayefunga atafungua, anayetega atategua, anayeziba atazibua, na anayeanika ataanua. Tunaanua nguo mvua ikitanda, tunaanua mahindi jioni yasipigwe na umande. Kwa hiyo mtu anaposema "tumeanua tanga" siku ya mwisho ya msiba, kitenzi chake kinashuhudia kwamba katika fikra ya lugha tanga la msiba ni kitu kilichokuwa kimetandazwa na sasa kinakusanywa. Nimehudhuria misiba mingi huku kwetu, na siku hiyo jambo la kwanza unaloliona ni vijana wakilegeza kamba za turubai, wanalishika pembe nne, wanalikutanisha mara moja, mara mbili, vumbi linatoka, na uwanja uliokuwa na kivuli kwa siku tatu unarudi kuwa uwanja. Hakuna anayewaambia watu waondoke. Wameona.

Matumizi yanatofautiana kidogo. Pwani na Kenya husikika zaidi kwa wingi: kukaa matanga, kuondoa matanga. Kwetu umoja ndio uliozoeleka pamoja na kuanua, na yote ni sahihi. Ila ukiwa baharini usimwambie nahodha "anua tanga" unapotaka alishushe kutoka juu. Kwake tanga hutwekwa likapanda na hutuliwa likashuka, na neno lako litamfanya atazame sitahani kutafuta lililoanikwa.

Mabaharia wana maneno mengine mawili yenye tanga ambayo yanafaa kujulikana. Tanga mbili ni kipindi cha kati ya misimu ya pepo, kusi imekatika na kaskazi haijashika, au kinyume chake, ambapo chombo kinaweza kwenda kusini au kaskazini kwa kuwa upepo haujaegemea upande. Matanga kati ni upepo unaokipata chombo ubavuni, wala si mbele wala si nyuma. Kuhusu kutangatanga, hicho ni kitenzi kinachojitegemea, chenye maana ya kwenda huku na huko bila shughuli. Nisingekiunganisha na tanga la chombo, kwa sababu chombo chenye tanga ndicho kinachojua kinakokwenda.

SWALI: Sisi ni wanachuo wa ualimu hapa Iringa na tumebishana. Mmoja anasema demani ni kamba, mwingine anasema ni upande wa chombo, na wa tatu, ambaye kwao ni Pangani, anasema ni majira ya mwaka. Nani ameshinda?

JIBU: Wote watatu, na nawapongeza kwa kuwa ubishi wenu una mahali pake katika swali hili, kama nitakavyoeleza.

Chukueni tanga la ngalawa, ambalo ni la pembetatu. Ubavu wake wa juu umefungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaoning'inia mshazari kwenye mlingoti. Zinabaki pembe mbili chini. Ya mbele hufungwa kuelekea omo, yaani mbele ya chombo, nayo huitwa joshi, na wengine hutamka goshi. Ya nyuma huachwa huru, na kamba inayoishika ndiyo demani. Upepo ukija kutoka kulia, tanga huvimba kwenda kushoto na demani huenda nalo. Ukija kutoka kushoto, mambo hugeuka. Kwa hiyo demani daima iko upande ule upepo unakokwenda, na baharia akisema upande wa demani anataja upande huo, kama anavyosema upande wa joshi kwa ule upepo unakotoka. Hapo jina la kamba limekuwa jina la upande, tena upande usiotulia, kwa sababu unahama kila upepo unapohama. Haufanani na kulia wala kushoto.

Majira ya demani ni yale ya mwisho wa kusi, takribani kuanzia Agosti hadi Novemba, bahari inapotulia na upepo unapolegea. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipoandika kwamba mabaharia walingoja demani. Ningekuwa mwangalifu ningeandika "msimu wa demani" na kuwaondolea ninyi ugomvi.

Demani ya kamba naijua kwa viganja vyangu. Nilipandishwa ngalawa na jamaa waliotaka kumfurahisha mgeni wa milimani, nikakabidhiwa demani niishike kwa heshima. Upepo ulikuwa mdogo, nami nikaizungusha mkononi mara moja kama mtu anayeshika kamba ya mbuzi. Upepo ulipovuta ghafla, kamba ilinipita viganjani ikachukua ngozi, na kwa siku tatu nilishika chaki kwa ncha za vidole. Hakuna aliyenicheka mbele yangu. Nilichojifunza ni kwamba demani haifungwi mkononi. Hushikwa kwa namna ambayo unaweza kuiachia mara moja, kwa kuwa tanga likizidiwa na demani isipolegezwa, chombo hupinduka.

Na ubishi? Upepo ukitoka kule kule chombo kinakotaka kwenda, nahodha hawezi kuukabili uso kwa uso. Huenda mshazari kulia, kisha mshazari kushoto, akipanda kidogo kidogo. Kufanya hivyo huitwa kubisha. Ni kitenzi kile kile cha mtu anayebisha hodi na cha mtu anayebisha hoja, na katika matumizi yote matatu yupo anayekabili kitu kilichomzuia.

Kabla sijaliacha suala la pepo, niseme jambo ambalo wanafunzi wangu hulipokea kwa mashaka mpaka walifikirie wenyewe. Kusini ni kunakotoka kusi, na kaskazini ni kunakotoka kaskazi. Anayejitambulisha kuwa ni mtu wa Nyanda za Juu Kusini amekwisha kutaja upepo wa mabaharia, hata kama hajawahi kuona maji mengi kuliko yale ya Mto Ruaha.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Matema, wilaya ya Kyela. Huku ziwani hatuna magadi wala matengo. Mtumbwi wetu ni gogo moja na kafi basi. Hao wa ngalawa, wenye miti ubavuni, wanaogopa nini?

JIBU: Wanaogopa kupinduka, ndugu yangu, na wana sababu. Ngalawa ni gogo lililochongwa kama mtumbwi wako, ila imebebeshwa mlingoti na tanga, na tanga ndilo linaloiinamisha. Ndiyo maana hupewa mirengu, miti miwili inayopita kukingama juu yake na kutokeza pande zote, na kwenye ncha za miti hiyo hufungwa matengo, yale mabao yanayogusa maji. Ikiinama kulia, tengo la kulia hukataa kuzama. Ikiinama kushoto, la kushoto hufanya hivyo. Wewe unayesukuma mtumbwi kwa kafi unaegemea mizani ya mwili wako mwenyewe, na huna tanga la kukuvuta, kwa hiyo mirengu ingekuwa mzigo tu. Magadi nayo wewe huyahitaji kwa kuwa Ziwa Nyasa halipwi na kujaa kila siku kama bahari. Ukimaliza kazi unauvuta mtumbwi mchangani, nao unalalia tumbo lake, basi. Wamatengo wa Mbinga, kwa kuwa najua mtu ataniuliza, ni watu na milima yao, hawahusiki na mabao ya ngalawa.

Ila mrengu umepanda mlima kwa njia nyingine. Magazeti yanapoandika mrengo wa kushoto na mrengo wa kulia katika siasa, mimi naona pale ngalawa iliyotazamwa kutoka mbele, miti yake imetokeza huku na huku, kila mmoja ukiizuia isielemee upande wa pili. Tofauti ya sauti ya mwisho hainisumbui. Linalonisumbua ni kusikia watu wakiutamka mrengo kana kwamba ni kundi linalovuta upande wake peke yake, ilhali mti wenyewe ni mmoja, unapita katikati ya chombo na kutokea upande wa pili.

SWALI: Mimi ni muuguzi wa Njombe. Bibi mmoja alinijibu, "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Nilielewa ugonjwa na sabuni ya unga.

JIBU: Tezi yake ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, na ngama ni chini kabisa ndani, ambako maji yanayovuja hujikusanya na baharia hushuka kuyateka. Maana yake ni kwamba mtu azunguke atakavyozunguka, atarudi pale pale kazi inapomngoja. Tezi unayoijua wewe ni neno jingine, na huku kwetu, ambako uvimbe wa shingo ulikuwa wa kawaida kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea, hakuna wa kukulaumu kwa kuanza na hiyo. Huenda bibi alikuwa anakukumbusha sindano yake.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzazi, nauza viazi Mwanjelwa. Mwanangu wa darasa la sita aliandika katika insha, "Bendera ilitwekwa juu ya mlingoti." Mwalimu wake akapiga mstari mwekundu chini ya maneno mawili, "ilitwekwa" na "mlingoti", akaandika pembeni kwamba bendera hupandishwa kwenye nguzo. Mtoto amelia. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mama. Mlingoti ulianza kama mti unaobeba tanga, lakini umeshika pia kazi ya kubeba bendera, na husemwa mlingoti wa bendera bila shida yoyote. Hata watangazaji wa mpira huutaja pale langoni. Kupandisha bendera ni sahihi, na hakuna aliyemkataza mwalimu kulitumia. Lakini kutweka ndilo neno la tangu zamani la kuvuta tanga au bendera kwa kamba mpaka ifike juu.

Wewe mwenyewe unalitumia ndugu yake kila siku. Ukijaza debe la viazi ukawa huwezi kulifikisha kichwani peke yako, unamwambia aliye karibu, "Nitwike." Ukifika unakokwenda unasema, "Nitue." Baharia hutweka tanga na kulitua, wewe hutwikwa mzigo na kutuliwa, na ndege inayotoka Dar es Salaam hutua pale Songwe. Mwanao alichukua neno zima kutoka mahali pake, akaliweka katika hali ya kutendwa bila kukosea herufi moja, jambo ambalo watu wazima wengi hawaliwezi. Mpelekee mwalimu wake ukurasa huu kwa adabu, ukiwa umemsalimia kwanza, na umwambie mtoto anadai alama zake mbili.